Ubao Usiong'aa

Alhamisi, tarehe 9 Juni 2022, binti wa mchora mabango alipokea sare ya manispaa: ovaroli ya bluu iliyomzidi urefu, jozi ya glavu na kofia yenye nembo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuvaa nguo aliyopewa na mtu ili akafanye kazi.

Mtaani walimwita Mwiba. Jina lilimpata utotoni kwa sababu ya wembamba, likabaki kwa sababu ya ulimi. Alimaliza sekondari, akazunguka na vyeti vyake kwenye bahasha hadi bahasha ikachakaa pembe, kisha akarudi alikoanzia, kwenye kibanda cha baba yake, kukoroga rangi na kuosha brashi kwa mafuta ya taa. Baba mwenyewe hakuwa na kazi za kutosha mtu mmoja, sembuse wawili. Zamani hakuna duka wala saluni kwenye barabara ile iliyofunguliwa bila bango la mkono wake. Siku hizi wenye maduka walichapisha mabango ya plastiki kwa mashine, wakaja kwake kuomba misumari ya kuyatundikia.

Manispaa ilipotangaza ajira za kiangazi kwa vijana wasio na kazi, Mwiba alijiandikisha siku ya kwanza. Vijana wangepelekwa kwenye shule za msingi wakati wa likizo kupaka rangi kuta, milango na mbao za kuandikia. Baba yake alicheka kwa pua.

"Kazi ya kiangazi," alisema. "Na masika utakula nini?"

"Nitakula ulichokula wewe masika iliyopita."

"Ndiyo maana nakuuliza. Mimi sikula."

Jibu la swali la baba Mwiba alilipata siku ile ile ya sare, kwa msimamizi wao. Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka karakana ya manispaa, mwenye rundo la funguo kiunoni, na kabla ya saa nne vijana walikuwa wameshambatiza Mama Ufunguo. Alisema maneno machache na hakuyarudia. Kila shule ingepata kundi la watatu. Likizo ikiisha, katika kila kundi angeweza kubakizwa mmoja, aajiriwe karakana kama fundi rangi.

"Akistahili," alimalizia. "Asipostahili mtu, nitabaki na funguo zangu."

Kwenye kundi la Mwiba kulikuwa na Twiga, kijana aliyefikia dari bila ngazi, na Kinyozi, aliyefunga kibanda chake cha kunyoa baada ya mashine kuungua na bado alimtazama kila mtu kichwani kabla ya kumtazama usoni. Walipewa shule kongwe yenye safu mbili za madarasa na uwanja wa vumbi katikati.

Mkono wa Mwiba ulionekana mapema. Alipopaka fremu za madirisha, hakuna tone lililogusa kioo. Alipopiga mstari wa chini ya ukuta, ule unaotenganisha rangi nyeupe na kijivu, hakutumia kamba. Alivuta pumzi, akatembea na brashi kutoka pembe moja hadi nyingine, na mstari ukanyooka kama umepigwa kwa rula. Hilo alilirithi kibandani. Mama Ufunguo hakusifu mtu, lakini wiki ya tatu alichomoa ufunguo mmoja kiunoni, wa stoo ya rangi, akampa.

"Ukiupoteza, usije."

Kinyozi aliutazama ufunguo ule kama abiria anavyotazama basi lililomwacha. "Haya, mkwe wa manispaa," alisema. "Sisi wengine tutaomba rangi kwa barua."

Mbao za kuandikia ziliachwa hadi wiki ya mwisho. Rangi yake ilikuja katika madebe ya peke yake, nyeusi na nzito. Waliipaka vizuri, kama walivyoelekezwa, na asubuhi yake Mwiba akasimama mlangoni mwa darasa la nne akaona aibu. Rangi ilikuwa imekauka ikawa butu kama mkaa. Tangu utoto baba yake alimwambia jambo moja kila alipomkabidhi brashi: bango lisilong'aa ni ukuta uliochafuliwa. Na katika stoo, ambayo ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake, kulikuwa na vanishi iliyobaki baada ya milango.

Siku hiyo Mama Ufunguo alikuwa shule nyingine.

"Kwani tumeambiwa tupake vanishi?" Twiga aliuliza.

"Tumeambiwa tukabidhi kazi safi. Shika ngazi."

Walipaka mbao zote. Jioni ziling'aa kama viatu vya askari wa gwaride. Kinyozi alijitazama kwenye ule wa darasa la nne, akatoa kitana mfukoni, akajichana. "Hapa hapa nafungua tena duka," alisema, na wote watatu wakacheka. Walikuwa wamekaa mbele ya ubao utoto wao wote, na hakuna kati yao aliyewahi kuutazama ubao wenyewe. Walitazama kilichoandikwa.

Kesho yake, Alhamisi, Mwalimu Mkuu alikuja kukagua pamoja na Mama Ufunguo. Shule ilikuwa ifunguliwe Jumatatu. Mwalimu alikuwa mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na alisifia kila kitu, milango, madirisha, hata bawaba, mpaka alipofika darasa la nne. Jua la asubuhi liliingia dirishani, likagonga ubao, likamrudia machoni. Alikinga uso kwa mkono.

"Ubao uko wapi?"

"Huo hapo, Mwalimu," Mwiba alisema. Alidhani ni utani.

Mwalimu Mkuu alitoa kipande cha chaki mfukoni mwa shati, akaandika. Chaki ililia, ikateleza, haikuacha kitu. Alibonyeza zaidi. Ikavunjika, na kipande kikaviringika sakafuni hadi kwenye kiatu cha Kinyozi. Hakuna aliyeinama kukiokota.

Mama Ufunguo alitoka, akapita darasa moja baada ya jingine. Walimfuatilia kwa mlio wa funguo. Aliporudi alikuwa amezishika mkononi zisilie.

"Nani kapaka vanishi?"

Twiga alikohoa. "Tulipaka sote, Mama."

"Sijauliza nani kashika ngazi."

"Ni mimi," Mwiba alisema. "Twiga aliniuliza, nikamnyamazisha."

Mama Ufunguo alinyoosha kiganja. Mwiba alifungua kifungo cha mfuko wa ovaroli, akatoa ufunguo wa stoo, akauweka pale.

"Jumatatu watoto wanaingia," Mwalimu Mkuu alisema. Hasira haikuwamo katika sauti yake, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Niwafundishe kwa ishara?"

"Naomba hadi Jumapili jioni, Mwalimu. Nitazikwangua na kuzipaka upya."

"Kwa rangi ipi?" Mama Ufunguo aliuliza. "Limebaki debe moja. Hilo likiharibika, hakuna jingine hadi bajeti mpya."

"Halitaharibika."

"Ndivyo ulivyodhani jana." Alikwenda stoo mwenyewe, akawatolea msasa, kisha akafunga mlango.

Nje, Kinyozi alimsogelea Mwiba. "Nafasi ya karakana imeteleza kama chaki ile."

"Basi iokote wewe."

"Mimi? Mtu aliyejichana nywele mbele ya ushahidi?" Alichukua kipande cha msasa, akakikunja mara mbili. "Tuanzie wapi?"

Vanishi ilikuwa haijakomaa, na vanishi isiyokomaa haikubali msasa. Iliyeyuka kwa joto la mikono, ikaziba karatasi; kufika mchana msasa ulikuwa laini kama ukurasa wa daftari. Walijaribu kukwangua kwanza kwa bapa la chuma, kisha msasa uliochovywa majini, na hapo ndipo vumbi jeusi likaanza kutoka. Siku nzima walimaliza darasa moja na nusu. Mwiba alirudi nyumbani vifundo vya vidole vimechubuka, akala bila kusema neno.

"Leo mwiba umekatika ncha," baba yake alisema. "Kuna nini?"

Alimwambia kwa maneno machache. Alingoja acheke. Baba hakucheka. Aliuliza tu kama mbao zile ni za mti au za saruji, akaenda kulala.

Ijumaa asubuhi aliingia darasani akiwa na bapa lake mwenyewe, la mpini wa mti, limefungwa kwenye kitambaa. Alisimama nyuma ya binti yake akautazama ubao ambao ulikuwa bado haujakwanguliwa.

"We Mwiba, ulitaka ubao uuze soda?"

Twiga alicheka, akajizuia.

"Si wewe uliyenifundisha kung'arisha?" Mwiba alimjibu bila kugeuka.

"Nilikufundisha mabango. Bango linamwita anayepita njia." Aligeuka akatazama madawati. "Wa humu hapiti. Kakaa, na jua linampiga machoni. Lakini ni kweli, nilikufundisha mimi. Nisogezee hayo maji."

Mama Ufunguo alipofika alimkuta katikati ya kazi, mikono ya shati imekunjwa.

"Mzee, wewe huna sare."

"Sare ya nini? Mimi mzazi."

Mama Ufunguo alilifikiria hilo. "Usipande ngazi," alisema mwishowe. "Ukianguka, sitajua nikuandike wapi."

Kwa mikono minane, na vanishi ikiwa imekauka zaidi, mbao zilikuwa tupu Ijumaa jua linazama. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Kinyozi alisema, ila mhunzi atalala mgongo ukimuuma.

Jumamosi walifungua debe. Mwiba ndiye aliyelifungua, akalikoroga kutoka chini kwa muda mrefu kuliko kawaida, akawagawia kwa kipimo cha kikombe. Baba yake alichovya brashi hadi shingoni, kama alivyochovya maisha yake yote, akaipeleka ubaoni ikidondoka.

"Baba, nyembamba," Mwiba alisema. "Ukiijaza itatoka inang'aa. Na debe halitatosha."

Twiga alisimamisha brashi hewani. Kibandani kule hakuna mteja, hakuna mke, hakuna mtu aliyewahi kumwambia mzee yule namna ya kushika rangi. Aliitazama brashi yake. Kisha akaifuta ukingoni mwa debe, upande mmoja, halafu wa pili.

"Sawa, fundi."

Neno hilo alikuwa amewaita wengi: seremala, mwashi, mtengeneza baiskeli wa pale njiapanda. Binti yake hakuwahi kuwa mmoja wao. Mwiba hakugeuka. Alimaliza ubao wake hadi pembeni, akaweka brashi chini taratibu, akatoka kwenda kunywa maji bombani, na akakaa huko muda mrefu kuliko kiu ya mtu mmoja.

Jumapili alasiri Mwalimu Mkuu alikuja na boksi la chaki. Mbao zilikuwa butu tena, nyeusi ya mkaa, na safari hii Mwiba alizitazama kwa jicho jingine. Alisogea ili aandike, Mwalimu akamzuia.

"Bado. Ubao mpya hulishwa kwanza. Ukiuandika na njaa yake, neno la kwanza linaganda humo na halitoki tena."

Akawaonyesha: aliilaza chaki ubavu, akaisugua ubao mzima, juu hadi chini, mpaka weusi wote ukawa mweupe kama unga. Halafu akafuta kwa kitambaa kikavu. Wakagawana madarasa, kila mtu na chaki zake, na kwa nusu saa shuleni kote ulisikika mkwaruzo mmoja. Kinyozi alitoka mweupe kichwa kizima. "Nimezeeka kazini," alisema, "na hata mshahara wa mwisho sijapokea."

Walirudi darasa la nne. Mwalimu Mkuu alimpa Mwiba chaki, akaenda kuketi dawati la mwisho kabisa, lile la karibu na dirisha, magoti yakimgonga kidevu.

Mwiba aliandika kwa herufi za baba yake, zenye mguu na kivuli, kama za kwenye milango ya maduka: KARIBUNI DARASA LA NNE. Chaki ilishika. Hata ule unga mwepesi wa vivuli ulishika. Jua lilikuwa dirishani, na halikumrudia mtu machoni.

Mwalimu Mkuu alivaa miwani yake, akaivua, akasoma bila miwani. "Hiyo isifutwe," alisema. "Waikute."

Baba yake alikuwa ameegemea mlango. Alitazama herufi, si ubao. "K yako imelala kidogo," alisema, na wote waliomjua walielewa kwamba hana kasoro nyingine ya kutaja.

Mama Ufunguo alikuwa stoo, ameinamia debe. Aliliinua upande mmoja, na ndani kulikuwa na rangi ya kujaza kijiko. Alimwita Mwiba.

"Ripoti yangu itakuwa na yote mawili. Vanishi na msasa."

"Sawa, Mama."

"Wataniuliza kwa nini nakuchukua."

"Utawajibu nini?" Mwiba aliuliza.

"Kwamba debe lilitosha." Alichomoa ufunguo kiunoni, akamrudishia. "Na siku nyingine mtu akikuuliza swali, mjibu kwanza, ndipo umwambie ashike ngazi."

Twiga na Kinyozi wamesainiwa barua za utumishi mwema na wameambiwa wajiandikishe tena kiangazi kijacho. Twiga tayari ameitwa na Mwalimu Mkuu apake uzio wa shule. Mwiba ataripoti karakana Jumatatu, tarehe 1 Agosti, saa moja asubuhi. Mkataba wake ni wa mwaka mzima, kiangazi na masika.