Darasa la Sebuleni Kwangu

Walionishikia bango nifungue shule ya Kiingereza ni akina mama wa mtaani kwetu, huku pembezoni mwa Dodoma, ambako lami inaishia kabla hujafika. Shule ya serikali iko mbali na madarasa yamefurika. Mtoto akifika sekondari, masomo karibu yote Kiingereza, anabaki kukodoa macho. Mimi ndiye ninayewafundisha huko, nawajua. Mtoto mwenye akili zake anageuka bubu mbele ya ubao. Inauma, jamani.

Basi likizo ya Desemba nikasema nijaribu kwanza. Nikatoa makochi sebuleni, nikatandika mikeka, nikawaita watoto wachache. Sheria ilikuwa moja: ukivuka kizingiti, Kiingereza tu. Na wazazi nikawaambia, "Nyumbani nako msiwachanganye na lugha nyingine." Maneno hayo niliyaokota kwenye vikao vya wazazi, shuleni kwa wanangu mjini. Pale sote huwa tunaitikia ndiyo, ndiyo, halafu tukifika nyumbani tunaendelea na Kiswahili chetu. Nani asiyejua?

Bibi mmoja hakujua. Alikuwa ametoka kijijini Mvumi kuja kumlea mjukuu wake wa miaka mitano, kwa sababu mama wa mtoto anapika chakula huko Mtumba, kwenye ofisi za serikali, anaondoka alfajiri na kurudi mtoto kashalala. Nyumbani kwao wanaongea Kigogo tu. Na mtoto mwenyewe, wee, mdomo haufungi! Siku ya kwanza alinisimulia habari za mbuzi wao wote kabla sijamnyamazisha.

Wiki iliyofuata akawa kimya. Si Kiingereza, si Kigogo, hata wenzake wakicheza. Nikadhani anaumwa. Jioni nikaenda kwao, nikamkuta bibi anapepeta mtama uani. Akamwonyesha mtoto sufuria kwa kidole, mtoto akaileta. Akamwonyesha mlango, mtoto akaingia ndani.

"Shikamoo, bibi. Mmegombana na mjukuu?"

"Marahaba. Tugombane kwa lipi? Si wewe Mwalimu ulisema tusimchanganye? Mie Kiingereza sina. Ndiyo nimenyamaza."

Nikakaa chini palepale. Nikamsihi aongee naye, amwimbie, amgombeze hata, lugha yoyote ile. Akanitazama kama mtu anayenyang'anywa kitu mkononi.

"Wa kwako wanasoma wapi?"

Nikamtajia. Shule ya Kiingereza, mjini.

"Haya. Wa kwangu ndiye nimharibie? Mama yake kaishia jikoni kwa kukosa hicho Kiingereza. Mie nitavumilia. Wewe fungua shule yako tu."

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Nikifungua, nyumba ile itakaa kimya hivyo miaka nenda rudi, maana bibi ameshaamua. Nikikataa, ndiyo nimemfungia yule mtoto mlango ambao wanangu wanapita kila asubuhi. Nikaaga.

Akanisindikiza mpaka njiani. Akanishika mkono, akashusha sauti asisikike ndani.

"Mwalimu, huyu huwa anashtuka usingizini, anaogopa giza. Nilikuwa namwambia nipo. Siku hizi nampapasa tu mgongo, lakini analia. Kwa Kiingereza wanasemaje, nipo?"

Nikamfundisha. Ningefanyaje?