Kasri Lililohamia Mashariki

Nurollah, mkata vigae wa Isfahan, alikuwa na ugonjwa mmoja: kuuliza. Mkewe Shahrbanu alisema hata Izraili akija kumchukua, ataulizwa kwanza mabawa yake yametengenezwa kwa kitu gani.

Basi Mzungu mmoja mchoraji alipobisha hodi kuomba nafasi ya kuchora juu ya paa lao, linalotazama uwanja mkuu, majirani walikuwa wamemkatalia mapaa yao, lakini Nurollah akakubali. Sharti lilikuwa moja: atazame uwanjani tu, asigeukie nyua za wanawake. Siku nne Nurollah alihamishia kazi yake pale juu, nyundo mkononi, akimchungulia mgeni na kumuuliza mbona nyumba za mbali anazichora ndogo. Kisha mgeni akaondoka.

Ikapita miaka sita. Aghazar, Muarmenia muuza hariri, akarudi kutoka Amsterdam na kitabu kilichopigwa chapa. Ndani mlikuwa na ukurasa uliokunjuliwa ukawa mpana kama sinia: uwanja wa Isfahan, msikiti, maduka. Lakini kasri la Shah, ambalo liko magharibi ya uwanja, lilisimama mashariki.

“Mwone mgeni wako,” Shahrbanu akasema. “Umemlisha wali na kondoo siku nne, naye kamhamisha Shah.”

Nurollah alikiazima kitabu kwa wiki nzima. Siku ya tatu akakiona kijitu juu ya paa, kimeshika nyundo kwa mkono wa kushoto. Alikuwa yeye, na maisha yake yote hakuwahi kushika nyundo kwa kushoto. Akachukua udongo mbichi, akachonga kijitu chenye nyundo mkono wa kulia, akakipaka masizi, akakigandamiza kwenye karatasi. Nyundo ikaja kushoto.

“Hakukosea,” akamwambia mkewe. “Wachonga chapa wameichonga kama alivyoichora. Karatasi ndiyo iliyogeuza.”

“Na hii mitende katikati ya uwanja? Nayo karatasi imeiotesha?”

Nurollah akaenda kwa Aghazar. Akamwomba amwandikie mchoraji barua.

Majibu yalichukua miaka miwili. Mchoraji alikwishakufa, aliyejibu ni binti mmoja, fundi aliyechonga picha ile kwenye bamba la shaba la kupigia chapa. Alikiri kwamba mitende aliitia mwenyewe, akidhani kila mji wa Uajemi unayo. Mwishoni naye akauliza: kuba la msikiti lina rangi gani?

Nurollah alimtaka Aghazar arudie swali hilo mara tatu. Alikuwa ameitazama picha ile nyeusi na nyeupe wiki nzima, wala hakugundua kwamba rangi haimo. Akachagua vipande vitatu vya vigae, cha feruzi, cha manjano na cheupe, akavifunga kwa pamba. Akamwambia Aghazar aandike kwamba binti avitazame dirishani, asubuhi na tena alasiri, kwa sababu mwanga ukibadilika, rangi zake hazibaki zilezile.

Shahrbanu akatia lozi kwenye kifurushi. Binti anayechonga shaba kutwa nzima, alisema, lazima ana njaa.