Hodi ya Kasri

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa kisiwa wala ramani. Meneja wa Safari, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alinikabidhi kofia ya kampuni na kuniambia, "Kazi yako ni kuhesabu vichwa. Wakishuka wanane, warudi wanane. Historia utawapa ukipata nafasi."

Nilikasirika. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya historia, miaka ile ya tisini ambapo vyuo vilifungwa na kufunguliwa mpaka ukasahau uko mwaka wa ngapi. Nilikuwa nimetembea kutoka mtaani kwetu Huruma hadi mjini Nairobi nikitafuta kazi mpaka soli za viatu zikaisha. Sasa nilikuwa mwongozaji wa watalii, na niliamini kazi ya msomi ni kutilia shaka kila anachoambiwa.

Baada ya miezi michache ofisini Nairobi nilipelekwa pwani, kwenye safari ya kisiwani ya siku moja. Asubuhi tulivuka kwa boti ya injini, tukatembelea misikiti iliyobomoka, makaburi ya nguzo na kasri la wafalme wa zamani, tukala kijijini, kisha tukarudi kabla maji hayajapwa. Mwongozaji hutangulia. Nyuma kabisa hufuata mtu wa mkia, anayehakikisha hakuna mgeni anayebaki akipiga picha. Wetu alikuwa Musyoka, dereva, kijana wa mtaa wa Komarock, Nairobi, ambaye aliliacha gari gatini na kuvuka nasi akibeba maji ya kunywa.

Kasri lilikuwa na desturi yake. Paa halikuwapo wala milango, lakini huingii bila kupiga hodi. Unasimama kizingitini, unaita, unangoja. Kutoka ndani sauti ya mwanamke inajibu, "Karibuni, wanangu." Mkiingia hamwoni mtu. Wageni walisisimka kila mara. Meneja alikuwa ameniagiza, "Wakiuliza ni nani, sema ni wenyeji. Basi."

Jibu hilo lilinikera. Nilijua ni bibi wa kijijini, Bi Zuhura, aliyekaa nyuma ya ukuta wa ndani akisuka ukili wa mikeka. Niliona ni maigizo ya kuwafurahisha watalii, na mimi sikusomea uigizaji. Siku moja mgeni aliuliza tena, nami nikasema, "Njooni niwaonyeshe." Sikupiga hodi. Niliwazungusha nje mpaka mahali ukuta ulipokuwa umebomoka, tukamtokea Bi Zuhura juu ya mkeka wake. Kamera zikalia. Wageni wakacheka, bila ubaya, kama watu waliofichuliwa siri ya kiinimacho. Bi Zuhura alivuta leso akajifunika uso.

"Mwanangu," akasema, "ungengoja nikukaribishe."

Nilidhani nimeshinda. Tulipokuwa tukirudi, Musyoka alikuja akaketi kando yangu kwenye boti.

"Msomi, leo umejiskia sana, eh?"

"Nimewaambia ukweli."

"Ukweli gani? Ushawahi kumuuliza huyo mama kwa nini anajibu?"

"Si ni kwa sababu ya watalii?"

"Wacha zako! Mimi nilimuuliza siku ya kwanza. Hiyo nyumba ni ya kina babake. Watu wake walihama, wengine wakafa, amebaki yeye. Hata mwanakijiji akipita hapo hubisha hodi, na yeye huitikia. Watalii walikuta mambo yakiendelea." Akanigeukia. "Kwani kwenu Huruma, jirani akiwa kiwandani halafu mgeni wake abishe, mamako hunyamaza?"

Mama hakunyamaza hata siku moja. Ukibisha kwa jirani aliyekwenda shifti, Mama aliitikia kutoka chumbani kwetu, hata akiwa ameinamia jiko: "Karibu! Hayuko, lakini karibu!" Kisha anakutolea stuli ukae umngoje mwenyeji wako.

Safari iliyofuata nilipiga hodi mara tatu, wageni wakiwa nyuma yangu. Kimya. Kijijini niliambiwa Bi Zuhura amehamia kwa bintiye, bara. Nilimtumia salamu za kumwomba radhi, mara mbili, kupitia watu tofauti. Hakuna jibu lililonifikia.

Meneja hakutaka ratiba iharibike, akamwajiri msichana wa hotelini akae nyuma ya ukuta. Aliitikia vizuri kuliko hata Bi Zuhura, kwa sauti ya kupendeza. Sasa yakawa maigizo kweli, na aliyeyaanzisha ni mimi.

Nilipanda cheo, nikawa msimamizi wa waongozaji, na vijana wapya niliwafundisha kuhesabu vichwa kama nilivyofundishwa. Bado nahoji kila kitu. Ila siku ile, katika maswali yangu yote, mwenye nyumba sikumuuliza hata moja.

Mwaka niliostaafu nilirudi kisiwani nikiwa na Musyoka, naye mstaafu. Kampuni ilikuwa imeacha safari za huko, na nyuma ya ukuta hakukuwa na mtu. Nilisimama kizingitini nikapiga hodi. Musyoka alisimama nyuma yangu, mkiani kama zamani.

"Niitikie basi," nikamwambia. "Si ndivyo majirani hufanya?"

Alilitazama kasri.

"Mimi si jirani yao, ndugu yangu," akasema.

Nikangoja kidogo tena. Halafu tukarudi kwenye boti bila kuingia.