Biskuti za Hokkaido

Kurata Masanobu alikuwa na miaka hamsini na mbili, na hadi mwezi wa nane mwaka ule hakuwa amewahi kushika pasipoti. Ilipomfikia aliificha kwenye sanduku la soksi za baridi kana kwamba ameiiba. Safari yenyewe ilikuwa ya kutoka Japani hadi Taipei, Taiwan, siku nne za mwisho wa Oktoba, na alichofuata huko si mahekalu wala chai. Alifuata tamasha la fahari la wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake, maelfu kwa maelfu wakipita barabarani mchana kweupe. Alitaka kutembea kati yao hata mara moja kabla mvi hazijammaliza.

Kupanga alijua. Mtu aliyesimamia mashine ya kuchambulia mapeasi ya ushirika miaka ishirini na sita hashindwi na kupanga. Alichora njia ya maandamano kwa penseli, akatafuta hoteli mitaa miwili kutoka hapo, akanunua shati la rangi ya machungwa. Alipolivaa mbele ya kioo alijionea haya, akalisukuma chini ya soksi, akanunua la kijivu.

Kikwazo kilikuwa ushirika. Ukiomba likizo pale lazima useme unakwenda wapi, na ukirudi uweke mezani boksi la vitafunio vya huko, kila mtu apate kimoja. Bi Hirose wa mapokezi alipomuuliza, Masanobu alibabaika, akataja Hokkaido kule kaskazini, kuoga kwenye chemchemi za maji ya moto. Bi Hirose akafurahi, akasema biskuti za siagi za huko anazipenda kuliko zote.

Sasa anayerudi kutoka Taipei atazitoa wapi biskuti za Hokkaido? Masanobu akajiona mjanja, akaagiza maboksi mawili kwa posta wiki nzima kabla ya safari, yafike Jumamosi akiwa nyumbani. Yalifika Ijumaa, yeye akiwa kazini.

Jioni alimkuta mama yake, Bi Fumie, mwenye miaka themanini na moja, akimenya figili jikoni. Masanobu akapita chumba cha ndani kumwashia marehemu baba yake ubani kama kila siku. Mbele ya picha ya mzee, pale ambapo kila zawadi ya safari huwekwa kwanza kabla walio hai hawajaigusa, palikuwa na boksi la biskuti za Hokkaido. Uso ulimwaka hadi masikioni. Alikuwa tayari kuudanganya ushirika mzima, lakini baba yake hakuwa amemtia kwenye hesabu.

"Karibu kutoka Hokkaido," mama akasema mlangoni, kisu bado mkononi. "Umeenda na kurudi hata begi hujafunga."

"Mama, hizo ni za ofisini."

"Najua. Nimemwekea baba yako ili umweleze yeye unakokwenda. Mimi si huniambii."

Masanobu akapiga magoti kwenye mkeka. Akajiumauma, akaanza na mahekalu, akaacha. Mwishowe alisema yote akiitazama picha, si mama: Taipei, tamasha, la watu wa namna gani, na kwamba yeye ni mmoja wao. Sauti ilimtoka kama ya mtoto aliyevunja sahani.

"Ulikuwa na miaka ishirini na saba," Bi Fumie akasema, "nilipokuletea picha ya binti wa akina Kinoshita, tukampose. Ulinirudishia bahasha hujaifungua. Unadhani sikujua tangu siku ile?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikungoja wewe. Miaka ishirini na mitano, Masanobu. Nilikufanya nini mpaka ukaniogopa hivyo?"

Maisha yake yote Masanobu alikuwa amejiandaa kwa hasira za mama, hata kwa machozi yake. Hakujiandaa kuona kwamba aliyekosewa ni mama.

Bi Fumie akaliondoa boksi, akamwekea mikononi. "Hizi kawape akina Hirose, umeshawadanganya. Baba yako utamletea za Taipei."

Akarudi kwenye figili zake. Masanobu alibaki amepiga magoti, kichwa chini, akishindwa kuitazama picha.

"Na lile shati la machungwa nimeshalipiga pasi," mama akasema kutoka jikoni. "Uende nalo hilo."