Shangazi Kausoma Mwongozo Wangu Kuanzia Chini

Leo nimefuta kazi ya wiki mbili kwa kufuata maelekezo niliyoandika mwenyewe.

Msicheke kwanza.

Mnajua huwa naandika kurasa za mwongozo za programu za kompyuta, zile zinazomweleza mtu amri fulani inafanya nini. Leo nilikuwa narekebisha ukurasa wa amri ya kusafisha folda. Nikasema ngoja nijaribu mfano wangu, nione kama bado unafanya kazi.

Unafanya. Vizuri sana.

Folda yangu ya kazi ikabaki tupu, na kurasa zote ambazo nilikuwa sijazituma zikapotea.

Shangazi alikuwa pembeni, katoka Busale kuniletea mchele. Akavaa miwani, akaanza kuusoma ule ukurasa kwenye skrini kuanzia chini. Hata barua husoma hivyo. Anasema juu ni salamu tu, shida ya mtu iko mwishoni.

"Baba, hapa wameandika amri hii inafuta kila kitu bila kuuliza."

Akanigeukia.

"Nani kaandika?"

"Mimi, shangazi."

"Na hukusoma?"

Jamani, mimi nilienda moja kwa moja kwenye mfano, pale katikati!

"Mgeni anaambiwa getini kuwa kuna mbwa mkali," akasema, "siyo akishang'atwa."

Ndaga, shangazi, asante. Nikalihamishia onyo juu kabisa, nikamwonyesha kwa fahari.

Akaanzia chini.

"Mbona umelitoa? Sasa mimi nitajuaje?"

Kwa hiyo sasa nimeliweka kote: onyo lipo juu, na chini lipo. Aliyebaki hatarini ni mwandishi, anayeanzia katikati.

Nyie huwa mnaanzia wapi?