Mguu Uliofunga Breki Mezani

Mkewe alikuwa amefika patamu. Alikuwa akimsimulia habari za jirani aliyekosana na wakwe zake, na ndio kwanza mama mkwe ameingia kwenye hadithi, mara mguu wa kulia wa mwalimu wa udereva ukakanyaga sakafu kwa nguvu zote. Meza ikaruka. Supu ikamwagika juu ya kitambaa kilichofuliwa siku hiyohiyo.

"Umeona nini?" mkewe akauliza.

"Sijaona kitu. Ni mguu tu."

"Basi uambie mguu wako usinikatize. Mama mkwe bado hajasema alichokuja kusema."

Mguu huo ulikuwa na kazi yake halali. Gari la kujifunzia lina pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wa mwalimu, kwa ajili ya siku ambayo mwanafunzi ataamua kuingia dukani bila kushuka. Kwa miaka mingi mwalimu aliikanyaga pedali yake kwa nadra, tena kwa adabu, hata mwanafunzi akadhani ni yeye aliyesimamisha gari. Wanafunzi walimpenda kwa hilo. Angeweza kukaa kando ya mtu asiyejua klachi iko mguuni au kichwani, na bado akampigia soga za mpira.

Kisha mwaka jana, kwenye makutano ya barabara kuu, lori likawakwangua. Usukani ulikuwa mikononi mwa mwanafunzi mmoja, mzee mstaafu, na hakuna aliyechubuka hata ukucha. Kioo cha pembeni kiling'oka, kikaruka, kikatua ndani ya beseni la mama muuza nyanya. Mwalimu aliigeuza ajali hiyo kuwa mali yake. Kila alipopata watu wawili aliwasimulia, na kila aliposimulia alitia chumvi, mpaka ikafika mahali mama muuza nyanya akawa anakitangaza kioo kwa wateja. Watu walivunjika mbavu. Aliisimulia vizuri mno hata akasahau kwamba jioni ile alifika nyumbani akabaki ndani ya gari, mikono kwenye usukani, mpaka mkewe akaja kumgongea dirisha.

Mwili haukusahau, na wala haukuwa na ucheshi wake. Asubuhi aliamka taya linauma kama mtu aliyetafuna mifupa. Akaulaumu mto, akanunua mwingine. Mabega yalipanda yakakaribia masikio. Akalaumu kiti cha gari. Tumbo likawa joto, akalaumu maziwa. Moyo ukawa unamwenda mbio amekaa tu anatazama taarifa ya habari. Akalaumu chai, akaiacha. Sasa akawa mtu ambaye moyo unamwenda mbio na chai hana, na hasira zake ziliwafikia wote mle ndani, paka akiwemo.

Mambo ya kichwani ndiyo hakumwambia mtu. Akimpigia simu bintiye, mlio wa kwanza ukipita bila kupokelewa alishamwona hospitali. Mlio wa pili alishakuwa makaburini. Mlio wa tatu anakasirika, kwa sababu shemeji yake ndiye atakayesimama kutoa wasifu wa marehemu, na shemeji akishika kipaza sauti hakiachi. Kisha binti anapokea: "Nilikuwa naoga, baba."

Na binti huyo ndiye aliyekuwa na shida ya kweli. Alikuwa amepata kazi ya kuendesha gari la maabara, kuchukua sampuli za damu kutoka zahanati moja hadi nyingine. Kazi ya maana, na alikuwa ameitafuta kwa muda mrefu. Sharti lilikuwa moja tu: awe na leseni kabla mwezi haujaisha. Alikuwa amejaribiwa mara mbili akaanguka zote, na mtahini alimpa sababu ileile. Akifika kwenye makutano hatazami barabara. Anatazama pembeni.

Bintiye mwalimu wa udereva, aliyefundishwa na baba mwenyewe, anaanguka mara mbili. Mwalimu akakata shauri kwamba tatizo ni macho. Akamkokota hadi kwa daktari wa macho, ambaye alimpima, akampima tena kwa kuwa baba alisisitiza, mwisho akasema binti huyu anasoma hata jina la kiwanda lililoandikwa kwenye taa ya dari. Likabaki jaribio moja, Alhamisi. Akianguka hapo, kazi inakwenda kwa mtu mwingine.

Wiki hiyo gari likaanza kulia kila likisimama, ikabidi lipelekwe kwa fundi. Fundi akaingia chini, akatoka, akainamia pedali. Akamwita mwalimu aje aone. Mpira wa pedali ya mwanafunzi ulikuwa na mistari yake yote, mpya kabisa. Ule wa mwalimu ulikuwa umesuguliwa hadi unang'aa.

"Gari hili lina madereva wawili," fundi akasema. "Mmoja anakwenda, mwingine anakataa."

Mwalimu akacheka sana, akamwagiza abadilishe mpira.

Aliyemshika sawasawa ni mwanafunzi wake mmoja, nesi wa makamo, mpole kwa kila kitu isipokuwa gia ya kurudi nyuma. Siku hiyo walikuwa kwenye uwanja mtupu. Nesi alikuwa amesimamisha gari anajifuta jasho, anajitayarisha kurudi nyuma.

"Mwalimu," akasema, "umefunga breki."

"Lazima tuwe waangalifu."

"Hatujaondoka bado."

Mwalimu akautazama mguu wake. Ni kweli ulikuwa umekanyaga mpaka mwisho.

"Ukiamka asubuhi, taya linakuuma?" nesi akauliza.

"Nani amekuambia?"

"Unasaga meno hata sasa. Na hupumui."

"Nisingepumua ungekuwa umenizika."

"Unapumua kama mtu anayeonja uji wa moto. Usiku unalala?"

"Nalala."

"Halafu unaamka?"

"Naamka."

"Kabla ya watu?"

"Kabla ya watu," mwalimu akakubali.

"Na kichwani kuna nini saa hizo?"

Hapo alikuwa na mzaha tayari. "Kichwani nimeshawazika wote pale nyumbani," akasema. "Binti yangu ndiye nimemzika mara nyingi zaidi." Lakini mzaha ulitoka vibaya, na nesi hakucheka.

"Huo ni wasiwasi, mwalimu. Si mguu, si mto. Ulianza lini?"

Akaanza kumsimulia lori, kwa mtindo wake uleule. Alipofika kwenye beseni la nyanya akasubiri kicheko. Nesi akamuuliza, "Na wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Katika kusimulia kote huko, hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Upande wa lori," akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Nililiona linakuja. Tairi lilikuwa refu kunizidi."

 Nesi akamwambia kuwa zahanati kwao yupo mshauri nasaha, aende akamwone, na asiende kumvunja mbavu, aende kusema. "Na ukiwa nyumbani, mwili ukianza vituko vyake, vitaje. Kwa sauti. Usivifiche kwa mzaha." Baada ya hapo akarudisha gari nyuma, akagonga pipa la taka.

Mwalimu alikwenda kwa mshauri. Dakika za mwanzo alijaribu kumchekesha, mshauri akawa anamsubiri tu amalize, na ikambidi amalize.

Jumatano, siku moja kabla ya jaribio, alimchukua bintiye kwa zoezi la mwisho. Wakakamata barabara kuu. Makutano yale yalipoanza kuonekana mbele, vyote vikamjia pamoja: moyo, viganja, tumbo. Mguu ukaanza kusogea. Mwalimu akavua viatu, akaikunja miguu yote miwili juu ya kiti, akakaa mkao wa mtu aliye mkekani.

"Baba, unafanya nini?"

"Moyo unanienda mbio," mwalimu akasema. "Viganja vimelowa. Naona lori."

"Lori liko wapi?"

"Halipo. Naliona tu." "Naogopa, mwanangu. Wewe unaendesha vizuri. Ni mimi, tangu siku ile naogopa, nikaona heri nicheke."

 Binti alipunguza mwendo, akasimama, akatazama kulia na kushoto, akavuka. Mbele kidogo akaegesha pembeni na kuzima injini.

"Baba, mtahini anasema natazama pembeni. Unajua natazama nini?"

"Nini?"

"Wewe. Mwaka mzima, nikikaribia makutano nautazama uso wako kwanza, nijue kama tunakufa. Sasa hata ukiwa hupo nakutafuta. Ukiogopa, uniambie tu, ili nitazame barabara."

 Mwalimu alilia, viatu mapajani, na binti akamwacha alie mpaka akamaliza.

Alhamisi, uwanja wa majaribio ulijaa. Binti akaondoka na mtahini, gari likapotea nje ya geti. Kwenye benchi la kusubiria walipangana watu wazima waliokauka midomo, mmoja wao kijana mwenye kifua kipana aliyekuwa akijigamba tangu asubuhi kwamba kuendesha ni kitu kidogo. Kwa desturi mwalimu angepita benchi zima akiwapiga watu mabega.

"Mwalimu, wewe raha yako," mama mmoja akamwambia. "Huogopi kitu."

"Mimi?" mwalimu akasema. "Tumbo limenivuruga tangu jana. Shika mkono huu uone ulivyolowa."

Mama akaushika, akaona. Kisha yule mwenye kifua kipana akasema, akiwa anatazama chini, "Mimi nimetapika kabla sijaja." Mwingine akasema hajalala. Mwingine akasema miguu haisikii kabisa, ni ya mtu mwingine. Wakamsogezea mwalimu nafasi, akakaa katikati yao, na maradhi yakawa yanatajwa kutoka kila upande, kila mtu akitaka kumpiku mwenzake. Gari likarudi, likaingia getini na kusimama mbele yao, na hakuna aliyelitazama. Binti aliyefaulu ikambidi apige honi kumwita baba yake.