Beti Tisa za Mwisho

Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza nilivyoingia katika kazi ya vitabu, nami huwajibu kwa kifupi: nilikusanya utenzi mmoja pwani, ukachapwa, ofisi ikaniita. Yote hayo ni kweli. Lakini kila nikijibu hivyo hushinda siku nzima nimenuna, na hasira zangu huwaangukia wao, maskini, kwa makosa madogo madogo ya insha. Sasa nimezeeka na nimechoka kuwakasirikia watu wasiohusika, kwa hiyo nitalieleza jambo lenyewe.

Miaka ile ya mwisho ya serikali ya Mwingereza nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Changamwe, na kwetu ni Kisauni. Jumamosi nilipanda baiskeli, nikavuka daraja, nikakipita kisiwa chote, nikaingia feri kwenda Likoni kwa mwalimu wa mama yangu. Bibi huyo alikuwa na chuo cha watoto wa kike. Aliwasomesha Kurani katika ukumbi wa nyumba yake, na mama alisoma kwake tangu alifu hadi akahitimu. Nilipomjua mimi alikuwa mtu mzima sana, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Watu wote walimwita mwalimu, hata waliomzidi umri, nami nilimwita hivyo hivyo.

Mwalimu alikuwa na utenzi wake. Alianza kuutunga mwaka aliofiwa na binti yake, akaachiwa kitoto cha siku tatu akilee. Ndani yake mna maziwa ya mbuzi na homa na usingizi wa mang'amung'amu, mna baba wa mtoto aliyekuja mara moja na kanzu mpya akaenda zake. Sijasoma utenzi mwingine uliojaa nepi zilizoanikwa kama ule, na nimesoma nyingi. Wanawake wa Likoni na Mtongwe walijua vipande vyake kwa moyo, wakivighani huku wakisuka ukili.

Lakini ukiuliza ni wa nani, ungeambiwa ni wa ndugu yake wa kiume. Ndugu huyo alikuwa khatibu wa msikiti, amekwisha kufariki, na watu waliona haiwezekani beti mia na arobaini na tisa zitoke jikoni. Majirani zake wawili, kina mama waliokula kwake miaka thelathini, walimwambia hivyo usoni pake na kumrehemia marehemu.

"Wanisifia utungo wa ndugu yangu," aliniambia siku moja, akicheka kwa uchungu. "Na ndugu yangu hata barua akiandikiwa na miye."

Basi niliposikia kwamba ofisi moja ya vitabu huko bara inatafuta tungo za zamani ili izichape, nilimwendea mbio. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama kitabu cha chapa kinaweza kupotezwa jina la mwenyewe kama inavyopotezwa nakala ya mkono. Nikamwambia hakiwezi. Kikishachapwa, kimechapwa.

"Chukua basi," akasema. "Sitaki kitu kwao. Jina langu tu lisianguke ndiani."

Tulifanya kazi hiyo miezi minane. Mswada wake ulikuwa wa herufi za Kiarabu, kwa wino wa masizi, na yeye herufi za Kizungu hakuzijua hata moja. Nilimsomea ubeti, akanisahihisha matamshi, nikauandika katika daftari kwa herufi za shule, kisha Jumatatu nikaupiga kwa taipureta ya shuleni baada ya masomo. Aliweza kunirudisha mara sita katika mshororo mmoja. Nilikuwa kijana mwenye haraka na nilimkasirikia sana. Leo kila ninachokijua kuhusu kuhariri nilikipata katika ukumbi ule, na mishahara yote niliyolipwa baadaye nimelipwa kwa ajili ya masikio yake.

Jina lake lilikuwa mwishoni, mahali pake panapojulikana. Watunzi wetu hawajitaji mwanzoni kama mtu anayebisha hodi kwa kujisifu. Humaliza kazi kwanza, wakaomba radhi kwa makosa, wakamsalia Mtume, na humo ndimo mtunzi hujitaja yeye na baba yake na mji wake. Kila mtoto wa pwani anajua hivyo. Katika utenzi wa mwalimu beti hizo ni tisa, na wa tano kati yake unasema:

Na aliyeyatungiya
Ni mimi niliyeliya
Mtoto nikamleya
Jina langu sikiani

Kisha ubeti unaofuata ndio jina.

Ofisi ilinitumia fomu. Mstari wa kwanza ulitaka jina la aliyekusanya, nikaandika langu kwa hati nzuri. Mstari wa pili ulitaka jina la mtunzi. Hapo kalamu ilisimama. Kuliandika jina tupu la mwalimu wa mama yangu, mwanamke mwenye heshima zake, katika karatasi ya ofisi itakayopita mikononi mwa makarani nisiowajua, niliona ni sawa na kumwita kwa sauti katikati ya soko. Mwenyewe alikuwa amekwisha kujitaja kwa adabu zote. Kwa hiyo niliandika: "Jina limo katika beti za mwisho." Niliona nimejibu vizuri, na nadhani mtu yeyote wa kwetu angejibu hivyo.

Mhariri wao alikuwa Mzungu mpole aliyejifunza Kiswahili chuoni kwao, na sina ubaya naye. Prufu, zile kurasa za majaribio za kusahihishwa, ziliponifikia shuleni ziliambatana na barua yake. Alieleza kwamba kitabu kinachapwa katika karatasi kubwa zinazokunjwa, kila moja ikitoa kurasa kumi na sita, na kwamba cha kwetu kimetimia karatasi mbili barabara isipokuwa beti tisa. Kwa kuwa beti zenyewe zilikuwa salamu na dua za kawaida, zinazofanana katika tenzi zote, ameziacha. Nilifungua ukurasa wa ndani. Pameandikwa: Mtunzi hajulikani. Juu yake, kwa herufi nene, palikuwa na jina langu.

Nilichukua kalamu niandike jibu kali, na ndipo nikaona kwamba barua ina upande wa pili.

Upande wa pili ulisema kwamba uhuru unakaribia na ofisi inahitaji Waafrika. Nafasi ya msaidizi wa mhariri iko wazi, na ikiwa kazi itakwenda vizuri watanipendekeza kwa masomo ya chuo kikuu. Mwisho aliomba prufu zirudi kwa posta ya kwanza, ikiwezekana bila mabadiliko, kwani mitambo inangoja.

Ningeweza kuandika mistari mitatu. Mtu yule alikuwa muungwana na pengine angeniongezea karatasi, au angelitia jina katika ukurasa wa ndani, jambo lisilohitaji nafasi yoyote. Nimelifikiria hilo miaka mingi na sijapata udhuru. Niliogopa kuonekana msumbufu kabla sijaajiriwa. Nilisahihisha nukta mbili na herufi moja iliyopinduka, nikatia sahihi, nikazipeleka posta mwenyewe.

Chapa ya pili ilipotoka, mhariri nilikuwa mimi, na beti tisa zimo na jina limo. Wakati huo mwalimu alikuwa kaburini mwaka wa nne.

Nakala sita za chapa ile ya kwanza zilinifikia wiki chache kabla sijahamia bara. Kisauni yote ilikuwa ikishona na kupaka chokaa kwa ajili ya sherehe za bendera. Nilichukua nakala moja, nikaenda Likoni baada ya alasiri. Nilikuwa nimekusudia kumwambia kweli. Nilirudia maneno yangu katika feri nzima, na nilipofika mlangoni nilikuwa nayo bado.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Pita, pita. Wageni wangu washafika."

Alikuwa amevaa leso mpya. Jamvi limetandikwa, kahawa na halua zimepangwa, na wale majirani wawili wameketi wameegemea ukuta. Amewaita wasikie. Na maneno yangu yakanitoka yote, sijui yalikwenda wapi.

Nilisoma. Mwalimu alishika tasbihi akihesabu beti, kama alivyofanya siku zote, na majirani wakaitikia pale walipopajua. Nilipofika ubeti wa mia na arobaini kitabu kilikwisha. Mbele yangu palikuwa na jalada la nyuma. Sikusita. Nililikazia macho jalada lile nikaendelea kwa moyo, radhi, dua, sala ya Mtume, mpaka nikafika kwenye jina, nikalighani jina lake na la baba yake na la Likoni kwa sauti niliyoweza. Jirani mmoja akamtazama mwenzake. Mwalimu akasukuma ushanga wa mwisho.

"Mia na arobaini na tisa," akasema. "Hawakuangusha hata mmoja. Haya, mwasikia sasa? Kitabuni hamna ndugu yangu."

Jirani mkubwa akasema, taratibu, "Twasikia. Utusamehe, mwalimu."

Nilifikiri nimeokoka. Kisha akajikokota kwenye jamvi mpaka ubavuni pangu, akatoa kidole. "Nionyesha jina langu hapo nje, nilione na mato yangu. Najua sitalisoma. Nataka kulishika tu."

Juu ya jalada palikuwa na jina la utenzi na jina la mtu mmoja. Nilishika kidole chake, kikavu na chepesi, nikakiweka juu ya jina langu.

Alikipitisha pole pole, kutoka kushoto kwenda kulia, kinyume na mazoea yake ya maisha. Akaomba kalamu yake ya utete na kidau cha wino. Akasema wale wasiosoma Kizungu nao wana haki, akainama akaliandika jina lake juu ya langu kwa herufi za Kiarabu, nukta kwa nukta, bila kutetemeka. Majirani wakalisoma kwa sauti pamoja, maana wote wawili walisoma kwake.

Kisha akakitazama tena kitabu, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele.

"Na lako liko wapi?"

"Langu?"

"Jina lako, mwanangu. Miezi minane umekuya hapa na jua kichwani. Liko wapi?"

"Langu halimo, mwalimu."

Aliniangalia kwa huruma ambayo mpaka leo nikiikumbuka natamani ningekuwa nimezaliwa mji mwingine. "Wamekudhulumu," akasema. "Wallahi wamekudhulumu. Nami najua dhuluma hiyo ilivyo."

Akachovya kalamu tena. Chini ya herufi zilezile za chapa aliandika jina langu, na la baba yangu, na la Kisauni, kwa hati nzuri kuliko aliyotumia kuandika lake. Akapuliza wino ukauke, akanipa kitabu nitazame.

Nikasema ahsante.